Bei ya Ruba Mwaka 1800: Washairi, Hisia na Ardhi Iliyokuwa Ikibadilika

(Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya walimu na wanafunzi wa fasihi. Wengi mliokosa kufika mmeiomba, basi hii hapa yote. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.)

Walimu wangu, wanafunzi, wageni waalikwa, na nyinyi wa viti vya nyuma mliokuja kwa sababu mmesikia kuna chai baadaye: karibuni nyote, na chai ipo.

Nianze na swali. Ukimtajia mwanafunzi wa kidato cha sita washairi wa kilimbwende wa Uingereza (na hapa sizungumzii mashindano ya urembo, nazungumzia wale wa mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19 waliotanguliza hisia na maumbile), atakujibu nini? Atakwambia walipenda maua. Walikuwa wepesi wa machozi. Walitembea milimani peke yao wakizungumza na mawingu. Akiwa amesoma vizuri atamtaja William Wordsworth na ile kauli yake ya mwaka 1800, kwamba ushairi mzuri ni hisia kali zinazofurika zenyewe. Mtihani ukipita, ulimbwende nao umepita.

Nimekuja leo kuwatetea hawa watu, na nimekuja pia kuwashtaki. Utetezi wangu ni huu: zile hisia tunazozicheka zilikuwa ushahidi. Aliyeandika huzuni alikuwa akiandika habari za dimbwi lililokauka. Aliyeandika hofu alikuwa akiandika habari za jua lililofifia. Aliyeandika uchungu alikuwa ameikuta njia ya miguu ya babu yake imezibwa. Mashtaka nitayasoma mwishoni, msiondoke.

Tuanze na ruba. Ndiyo, ruba, yule wa kwenye maji anayenyonya damu. Zama zile madaktari wa Ulaya walimbandika mgonjwa ruba wamtoe damu, wakiamini ndiyo tiba, kwa hiyo ruba walikuwa bidhaa, na walikuwapo maskini walioingia madimbwini kuwaokota na kuwauza.

Dorothy Wordsworth, dada yake William, aliandika shajara. Ndugu hawa wawili walikuwa wakiishi Grasmere, kaskazini-magharibi mwa England, kwenye nyumba ndogo karibu na ziwa. Chini ya tarehe 3 Oktoba 1800 Dorothy anaeleza kwamba yeye na William walikutana na mzee aliyepinda mgongo hadi karibu ajikunje. Mzee amejitupia koti mabegani juu ya koti jingine, amefunga aproni, amevaa kofia ya kulalia, na chini ya koti amebeba furushi. Alizaa watoto 10. Wote wamekufa ila mmoja, baharia, ambaye kwa miaka mingi hajasikia habari zake. Kazi yake ilikuwa kuokota ruba, lakini ruba wameadimika na yeye nguvu zimemwishia. Sasa anaombaomba, na yuko njiani kwenda Carlisle kununua vitabu vichache vya dini ili avichuuze.

Mtu mwingine angeishia hapo, akampa mzee senti na kuendelea na safari. Dorothy aliandika na sababu. Ruba wameadimika, alisema yule mzee, kwa sehemu kwa ajili ya ukame wa mwaka ule. Lakini hata miaka ya nyuma wamekuwa haba, kwa kuwa wanatafutwa mno, hawazaani upesi, na wanakua polepole. Zamani ruba 100 waliuzwa shilingi 2 na peni 6. Sasa ni shilingi 30.

Pigeni hesabu. Shilingi ya wakati ule ilikuwa na peni 12. Bei imepanda mara 12! Na ona maelezo ya mzee: hali ya hewa, mahitaji ya soko, kasi ya kuzaana. Mtaalamu wa uvuvi wa leo akija kutueleza kwa nini samaki wamepungua ziwani, ataongeza nini cha maana juu ya hayo? Na maneno haya yametoka kinywani mwa ombaomba mwenye kofia ya kulalia, yakaandikwa na mwanamke ambaye hakujihesabu mshairi.

William naye alifanya nini na mzee huyu? Mwaka 1802 alimtungia shairi, likachapishwa mwaka 1807. Ndani ya shairi mzee hayuko tena barabarani. Amesimama kando ya dimbwi, nyikani, peke yake. Mshairi naye yuko peke yake, Dorothy katoweka. Kuomba kumeondolewa, watoto 10 wameondolewa, bei imeondolewa. Kilichobaki ni mistari michache ambamo mzee anasema kwamba zamani aliwakuta ruba kila upande, wamepungua polepole kwa muda mrefu, lakini yeye anavumilia na kuwatafuta palipo nao. Wordsworth alimhitaji mzee kwa shida yake mwenyewe: alikuwa na hofu juu ya hatima ya washairi, akiwafikiria waliokufa vijana, na uvumilivu wa mzee ukamtuliza.

Je, ni shairi baya? Hapana, ni shairi zuri sana. Ila ukilisoma bila shajara utadhani habari yake ni moyo wa mshairi tu. Ukilisoma pamoja na shajara utaona kwamba ule mstari wa kupungua kwa ruba ni mabaki ya taarifa kamili ya mazingira, iliyopunguzwa mpaka ikawa maji ya kunawia huzuni ya mtu mwingine. Na kumbukeni, vuli hiyohiyo ya mwaka 1800 ndipo Wordsworth alipokuwa akiandaa ule utangulizi wake maarufu wa kitabu cha mashairi, Lyrical Ballads, unaodai kwamba ushairi utumie lugha halisi ya watu. Lugha halisi ya watu ilikuwa imesimama mbele yake njiani ikimtajia bei.

(Wanafunzi huniuliza: na lile shairi lake la maua ya njano ya ziwa Ullswater, mshairi akizurura mpweke kama wingu? Aprili 15, 1802, Dorothy alikuwa naye siku hiyo, na shajara yake ndiyo iliyoandika kwanza jinsi maua yalivyocheza. Mistari miwili ambayo Wordsworth mwenyewe aliiona bora kuliko yote humo ilitungwa na mkewe, Mary. Mpweke alikuwa na kamati.)

Sasa tupande juu kidogo, kutoka dimbwini hadi angani.

Mwezi Aprili 1815, volkano ya Tambora katika kisiwa cha Sumbawa, nchi tunayoiita leo Indonesia, ililipuka. Katika historia iliyoandikwa hakuna mlipuko mkubwa kuliko ule. Makumi ya maelfu ya watu walikufa pale kisiwani na visiwa vya jirani, wengine kwa moto na majivu, wengine kwa njaa iliyofuata. Gesi ya salfa ilirushwa hadi tabaka la juu la angahewa, huko mvua isikofika kuisafisha, ikageuka matone madogo mno yanayorudisha miali ya jua. Matone hayo yakasambaa kuizunguka dunia. Mwaka uliofuata, 1816, majira ya joto hayakuja. Kaskazini-mashariki mwa Marekani theluji ilianguka mwezi Juni. Ulaya magharibi mvua ilinyesha bila kukoma, nafaka ikaozea mashambani, mkate ukapanda bei, ombaomba wakajaa barabarani.

Hakuna Mzungu aliyejua kwamba chanzo ni mlima wa Sumbawa. Wanasayansi walikuja kuunganisha mambo hayo mawili mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1816 watu walijua tu kwamba jua lina walakini. Madoa yalionekana juu yake kwa macho, na utabiri kutoka Bologna, Italia, ukaenea magazetini kwamba jua lingezimika tarehe 18 Julai. Mnacheka. Nanyi mngekuwa na wiki kadhaa bila jua na mkate umepanda bei, mngecheka?

Katika majira hayo mshairi Lord Byron alipanga nyumba kando ya ziwa Geneva, Uswisi. Jirani zake walikuwa mshairi mwenzake Percy Shelley, na Mary mwingine, binti wa miaka 18 ambaye Shelley alikuwa bado hajamwoa. Mary baadaye alikumbuka kwamba ilikuwa mvua na baridi, mvua na baridi, wakafungiwa ndani siku nzima, ndipo Byron akapendekeza kila mtu atunge hadithi ya kutisha. Ya Mary ikawa Frankenstein, iliyotoka mwaka 1818. Hayo mnayajua, na filamu mmeziona.

Msilolijua wengi ni shairi la Byron la Julai mwaka ule, shairi la giza. Jua limezimika. Watu wanachoma majumba ya wafalme na vibanda vya maskini ili tu waonane nyuso. Wanyama wakali wanakuja wakitetemeka kama mbwa wa nyumbani. Njaa inakula watu, na watu wanakulana. Mwishoni wanabaki wawili katika mji mkubwa, nao ni maadui. Wanapuliza makaa ya madhabahu, mwali unawaka kidogo, kila mmoja anaona sura ya mwenzake, na wote wawili wanakufa kwa kutishwa na kile walichokiona.

Walimu wangu, kwa miaka mingi shairi hili limefundishwa kama ndoto mbaya ya mtu mwenye majonzi. Ndoa ya Byron ilikuwa imevunjika, ameikimbia Uingereza, basi majonzi yake yamezima jua. Lakini Byron mwenyewe alisema alilitunga Geneva wakati wa siku moja ya giza iliyovuma sana, ambapo kuku walipanda kulala saa sita mchana na watu wakawasha mishumaa kama usiku wa manane. Kuku hawakuwa na matatizo ya ndoa.

Sisemi volkano iliandika Frankenstein. Volkano haishiki kalamu, na wapo wenzangu siku hizi ambao kila wingu kwenye shairi wanalikimbilia na kipimajoto. Ninachosema ni kwamba hofu ya watu wale ilifika kabla ya sayansi. Mwili ulijua kitu ambacho hakuna kitabu kilichokuwa kimekieleza, na shairi likakihifadhi hadi wenye vipimo walipofika. Na furaha pia huhifadhiwa. Mshairi John Keats alipotunga lile shairi lake la msimu wa mavuno, Septemba 19, 1819, alikuwa anatembea kila siku nje ya mji wa Winchester, na katika barua kwa rafiki yake anasema hajawahi kuyapenda mashamba yaliyokwisha kuvunwa kama wakati ule, yana sura ya joto. Miaka mitatu tu nyuma mavuno yalikuwa yameoza. Mtu akisifu joto baada ya baridi ya namna hiyo, msifikiri anapamba.

Nichepuke kidogo nyumbani. Mwanzoni mwa karne hiyohiyo ya 19, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliutazama mji wa Pate, pwani ya Kenya, ulivyoporomoka, akatunga utenzi wa Inkishafi:

Nyumba zao mbake ziwele tame,
makinda ya popo iyu wengeme.

Nyumba zimekuwa mahame, popo wamening'inia juu, sauti hakuna. Yeye anaanza na nyumba, anauhoji moyo wake kwa sababu ya ile nyumba, na lengo lake ni Akhera. Hakuwajua Waingereza hawa wala wao hawakumjua, na sitaki kumvalisha koti lao. Ila nawaombeni wenye kufundisha Inkishafi na Byron katika wiki moja, kama ninavyofanya mimi, mwaulize wanafunzi: ni nani kati ya hawa wawili anayehesabu vitu alivyoviona? Jibu huwashangaza.

Nimefika kwa mtu wangu. Mshairi John Clare.

Clare alizaliwa Julai 13, 1793, katika kijiji cha Helpston, upande wa mashariki ya kati ya England. Baba yake alikuwa mpura nafaka, mama hakujua kusoma. Mtoto alifanya kazi za mashamba tangu utotoni, akaokota elimu vipande vipande, akaandika mashairi kwa siri kwenye makaratasi aliyoyapata. Wordsworth aliandika kwamba ushairi uchote katika maisha ya watu wa shamba. Clare ndiye alikuwa mtu wa shamba mwenyewe.

Kuna kisa chake cha utotoni alichokisimulia mwenyewe, na mimi nakipenda kuliko mashairi mengi. Alidhani mwisho wa dunia uko pale mbingu inapogusa ardhi, na kwamba safari ya siku moja ingemfikisha. Siku moja akaondoka kuufuata, akikatiza uwanda wa Emmonsales ambao ulikuwa mkubwa machoni pake. Akatembea hadi akatoka nje ya ujuzi wake. Ndivyo anavyosema, nje ya ujuzi wake. Huko maua ya porini na ndege walikuwa kama wamemsahau. Jua lenyewe lilionekana jua jipya, linawaka upande mwingine wa mbingu. Aliporudi usiku, wazazi na nusu ya kijiji walikuwa wanamtafuta.

Sikilizeni vizuri hilo. Kwa mtoto huyu, kujua si jambo la kichwani peke yake. Ujuzi una mipaka ya ardhini, unaweza kuuvuka kwa miguu. Na mahali panamjua yeye kama yeye anavyopajua. Sasa chukueni mtu wa namna hiyo, halafu mpelekeeni wapima ardhi.

Mwaka 1809 Bunge lilipitisha sheria ya kuzungushia ua ardhi ya Helpston na vijiji jirani. Haikuwa sheria ya pekee: kati ya 1604 na 1914 Bunge lilipitisha zaidi ya 5,000 za namna hiyo, zilizogusa karibu moja ya tano ya ardhi ya England. Kabla yake kijiji kilikuwa na mashamba makubwa yasiyo na ua, yaliyolimwa kwa vipande, na nyika ya malisho ya pamoja. Mwenye ng'ombe mmoja alilisha hapo, asiye na ng'ombe aliokota kuni, na mtu yeyote alipita. Sheria ikaja na ramani. Ardhi ikagawanywa kwa wenye hati, miti ikakatwa, vijito vikanyooshwa, ua wa miiba ukapandwa, njia za zamani zikafungwa. Ugawaji ulikamilika rasmi mwaka 1820. Na Clare, kwa kuwa kibarua ni kibarua, alifanya kazi ya kupanda nyua na kujenga zile zile fensi. Alilipwa kuziba njia zake mwenyewe.

Katika shairi lake kuhusu nyika hizo anaandika kwamba uzio ulikuja ukakanyaga kaburi la haki za mfanyakazi, ukamwacha maskini mtumwa. Kisha anaonyesha kitu kidogo: bango lililochomekwa njiani, "Hakuna njia hapa." Kila kijidikteta na kibango chake, anasema. Na mabango yametundikwa mitini kana kwamba hata ndege wajifunze kuyasoma, wajue wakifika pale wasivuke.

Katika shairi jingine anafanya jambo ambalo kwa wakati wake sijaliona kwa mwingine kwa ukali huo. Anaipa ardhi yenyewe kinywa. Anayezungumza ni Swordy Well, machimbo ya kale ya mawe karibu na kijiji, palipokuwa na malisho na maua adimu. Baada ya kugawanywa, pamekabidhiwa wasimamizi wa barabara wa parokia (eneo la kanisa, ambalo zama zile lilisimamia pia barabara na maskini), nao wanachimba mawe na mchanga bila huruma. Na ardhi inalalamika kwa sauti ya maskini anayekula posho ya parokia: zamani nililisha sungura na nyuki na punda wa wapita njia, leo nimevuliwa hadi mifupa, na waliobaki kunitembelea sina cha kuwapa. Hana kilio cha kupendeza, huyu Swordy Well. Ana hasira, ana hesabu, anataja majina ya mimea. Karne ya 20 pakaja kutupwa taka. Leo ni hifadhi ndogo ya mazingira, na katika kupajua palivyokuwa, mashairi ya kibarua ni sehemu ya kumbukumbu zilizopo.

Na lugha je? Hapa ndipo ninapotaka walimu wa sarufi mnisamehe. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1820, kikachapishwa mara 4 ndani ya mwaka mmoja. London ikampokea kama kioja, mkulima anayetunga. Mchapishaji wake, John Taylor, ndiye huyohuyo wa Keats. Clare hakuweka nukta wala mkato, na alitumia maneno ya kijijini kwake, maneno ya vitu ambavyo London haikuwa navyo: gamba la konokono watoto walilochezea, dimbwi dogo la maji ya mvua, maji yanapoanza kuganda juu. Taylor alitia alama, akasahihisha, akaondoa baadhi. Mfadhili mmoja, Lord Radstock, alikwenda mbali zaidi: alitaka mistari inayoulaani utajiri kwa yaliyokipata kijiji iondolewe, na matoleo ya baadaye yakaiondoa.

Mwaka 1822 Clare alimwandikia Taylor kwamba sarufi katika elimu ni kama udikteta katika serikali, akaitukana tusi ambalo sitalisema mbele ya wazazi waliopo hapa, akaapa kwamba hatakuwa mtumwa wake kamwe. Mimi nimesahihisha insha kwa wino mwekundu maisha yangu yote. Barua hiyo hunichekesha, kisha hunichoma. Kwa Clare bango la njiani na mkato kwenye mstari vilikuwa kazi ya mkono mmoja. Shairi lake lisilo na nukta unalisoma kama unavyokatiza uwanda usio na ua: kiota, kisha majani, kisha yai lenye michoro, kisha ndege anayeruka, hakuna anayekwambia simama hapa, hiki ndicho muhimu, kile ni pambo. Matoleo yaliyochapishwa karne ya 20 kwa kufuata miswada yake yalirudisha maandishi yalivyokuwa, na mjadala kama ilikuwa sawa kuacha vile haujaisha. Mimi niko upande wa miswada.

Mwaka 1832 marafiki na wafadhili walimpatia nyumba kubwa zaidi, yenye bustani, katika kijiji cha Northborough. Umbali kutoka Helpston ni kama maili 3. Maili tatu! Hapa kwetu mtu anatembea maili tatu kufuata unga. Wafadhili walitarajia shukrani, wakapata mashairi ya msiba. Kaiacha nyumba yake ya nyumba zote, anasema, na majira ya joto yanakuja kama mgeni. Wengine walimwona hana adabu. Lakini nyinyi mmesikia kisa cha uwandani. Mnajua kwamba maili tatu zinatosha kumtoa mtu nje ya ujuzi wake.

Afya ya akili ilizorota. Mwaka 1837 alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili katika msitu wa Epping, karibu na London. Julai 1841 akaondoka bila ruhusa, kwa miguu, kurudi nyumbani: zaidi ya kilomita 120, siku nne, bila pesa. Aliandika safari ile yote. Usiku wa kwanza alilala kichwa kikielekea kaskazini, ili akiamka ajue upande wa kwenda. Siku ya tatu njaa ilimzidi akala majani ya kando ya barabara, na anasema yalikuwa na ladha kama ya mkate. Alikuwa anamfuata Mary Joyce, mpenzi wake wa ujana, akiamini ni mkewe. Mary alikuwa amekwisha kufa tangu 1838. Mke wake wa ndoa, Patty, alikuja kumpokea na mkokoteni karibu na nyumbani, na Clare hakumtambua. Mwisho wa mwaka akapelekwa hospitali ya Northampton, akaishi humo hadi alipofariki mwaka 1864.

Sipendi wanaosema kwamba uzio ulimtia wazimu Clare. Ugonjwa una sababu zake, na hatuna cheti. Lakini mtu aliyelala kichwa kaskazini asipotee, akiwa na akili iliyovurugika kiasi kile, alikuwa bado ana ramani mwilini ambayo wapima ardhi hawakuifuta.

Sasa mashtaka.

Ushahidi una mwenyewe. Mtu akisema "napapenda hapa, pananigusa moyo," swali linalofuata ni: na nani mwingine anaruhusiwa kupapenda? Wordsworth, katika kitabu chake cha mwongozo wa maziwa ya kwao, aliandika kwamba eneo lile ni kama mali ya taifa, ambayo ndani yake ana haki kila mtu mwenye jicho la kuona na moyo wa kufurahia. Maneno matamu. Yananukuliwa sana na wahifadhi.

Mwaka 1844, akiwa na miaka 74, ikapangwa reli ya kutoka Kendal hadi ziwa Windermere. Mzee akatunga soneti ya kuipinga, akaandika barua gazetini. Alihofia mandhari, na hofu yake ilikuwa na msingi. Lakini someni barua. Anasema kuyathamini mandhari ya namna ile hujengeka polepole, kwa malezi. Mafundi, vibarua na wauza duka wadogo wakiletwa kwa makundi hawatapata faida. Afadhali Jumapili, baada ya ibada, watembee na wake zao na watoto wao katika mashamba ya jirani.

Mashamba gani ya jirani, mzee wetu? Yenye bango "Hakuna njia hapa"?

Mnaiona hila? Moyo wa kufurahia, uliokuwa haki, umegeuka kibali. Hisia imewekwa mlangoni kukagua wanaoingia. Kilichoachwa nje ni kibarua, ambaye lugha yake ilisifiwa kwenye utangulizi wa mwaka 1800.

Na wazo hilo halikubaki kwenye maziwa ya England. Kupenda pori lililo tupu, lililohifadhiwa kwa ajili ya macho ya mgeni mwenye moyo wa kuona, kuliingia katika fikra za hifadhi za taifa Marekani, na baadaye katika makoloni. Serengeti ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, Wamaasai walikuwa wanaishi humo. Mwaka 1959 waliondolewa, wakahamia upande wa Ngorongoro. Sababu zilikuwa nyingi na sitamsukumia Wordsworth zote, maana alikuwa amekufa miaka zaidi ya mia moja. Lakini nikisoma maandishi ya wapenzi wa Serengeti wa enzi zile, jinsi wanavyoililia nyika isiyo na mtu, nasikia sauti ninayoijua vizuri. Na nikisoma malalamiko ya waliohamishwa, wanaotaja kisima kwa jina lake na njia ya kupitisha ndama, nasikia Swordy Well.

Reli yenyewe ilifika mwaka 1847, ikaishia Birthwaite, juu kidogo ya ziwa, ambako ndiko ulikokua mji wa Windermere. Wafanyakazi wa viwanda wakaja na vikapu vyao vya chakula. Mandhari ipo hadi leo, ni hifadhi ya taifa tangu 1951, mwaka uleule wa Serengeti, ila huko watu waliachwa wakae na kondoo wao.

Maswali sasa, kabla chai haijapoa. Yule mwalimu aliyenyoosha mkono tangu nilipomgusa Wordsworth, naona mkono umeanza kutetemeka. Mwalimu, tuanze na wewe.